Gari Kukataa Kuwaka: Msamiati wa Hitilafu na Matumizi Yake

Kukataa kuwaka, kwa gari au injini, ni hali ya injini kutoanza kufanya kazi ingawa dereva amezungusha ufunguo ipasavyo. Katika matumizi ya kila siku kauli hii hubeba hitilafu nyingi zisizofanana: betri iliyokwisha chaji, stata iliyoharibika, plagi zisizotoa cheche, mafuta yasiyofika kwenye injini. Makala haya yanaeleza maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa kila hali, tofauti zake, na namna ya kuyatumia katika maelezo na tafsiri. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Ifakara na bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambako magari ya zamani bado hubeba watu, mpunga na wagonjwa.

Kwa nini neno moja halitoshi

Ifakara ni kituo cha mafundi na vipuri kwa vijiji vingi vya bonde. Anayevuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, hufika Lupiro, ambako njia hugawanyika: moja hupanda milima kuelekea Mahenge na nyingine hufuata tambarare kuelekea Malinyi. Kabla ya daraja hilo magari yalivushwa kwa pantoni, na gari lililokataa kuwaka juu ya pantoni liliwazuia wote waliokuwa nyuma yake.

Daraja limeondoa usumbufu huo, lakini umbali umebaki. Gari likikwama Malinyi, mara nyingi fundi hulisikia kwa simu kabla ya kuliona. Kipuri kitakachopakiwa kwenye basi hutegemea kitenzi alichokitumia dereva. Akisema tu kwamba gari haliwaki, fundi anaweza kutuma betri mahali palipohitaji koili, na wakati wa masika kosa kama hilo linaweza kugharimu siku kadhaa. Kwa mgonjwa anayesubiri kufikishwa hospitali, siku hizo si jambo dogo. Mfasiri wa kitabu cha mafunzo ya ufundi yumo katika nafasi ya dereva huyo: anamweleza hitilafu mtu asiyeliona gari.

Waka, washa, wakia

Kitenzi waka asili yake ni moto na mwanga. Kimeenea kwenye injini kwa sababu injini ya petroli hufanya kazi kwa kuunguza mafuta ndani ya silinda. Kwa hiyo sentensi gari linawaka ina maana mbili: injini inafanya kazi, au gari linateketea. Muktadha hutatua utata huo katika mazungumzo, ila katika maandishi ya tahadhari hautoshi. Kwa maana ya pili iandikwe gari linawaka moto au gari linateketea. Kwa maana ya kwanza, injini inafanya kazi au injini imewaka.

Utata mwingine uko kwenye taa za dashibodi. Taa ya betri inawaka maana yake ni kwamba alama ya onyo inaonekana. Si sifa njema ya betri. Mwanafunzi anayeifasiri sentensi hiyo kuwa betri inafanya kazi ameigeuza maana yake juu chini.

Washa ni kusababisha kuwaka, na mtendaji wake ni mtu: dereva amewasha gari. Kauli ya kutendwa, gari limewashwa, hueleza kwamba kuna aliyeliwasha. Wakia si kauli ya kawaida kwa injini; anayetaka kutaja mahali au wakati hutumia waka pamoja na kielezi: gari liliwakia Lupiro hueleweka, lakini gari liliwaka lilipofika Lupiro ni fasaha zaidi.

Njeo nazo hutofautisha hitilafu:

Gari haliwaki: hali ya sasa au ya kawaida, halieleweki kama ni la leo tu au la siku zote.
Gari halijawaka: jitihada zinaendelea, na matumaini bado yapo.
Gari limekataa kuwaka: jitihada zimefanyika na zimeshindikana.
Gari linasumbua kuwaka: huwaka baada ya kujaribiwa mara nyingi.
Gari limegoma: kauli ya mazungumzo yenye maana sawa na limekataa, haifai katika maandishi rasmi.

Hali tano na kauli zake

Mafundi hutofautisha hali tano zifuatazo. Kila moja ina kauli yake na mahali pake pa kuanzia uchunguzi.

1. Kimya kabisa. Ufunguo unazungushwa, hakuna mlio, na taa za dashibodi haziwaki. Kauli inayofaa ni gari halina umeme kabisa. Uchunguzi huanzia kwenye betri na vichwa vyake, kisha waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, fyuzi kuu na swichi ya ufunguo. Katika magari ya zamani, vichwa vya betri vilivyoota ukungu mweupe au wa kijani huzuia umeme hata kama betri yenyewe ni nzima. Husafishwa kwa brashi ya waya au msasa, kisha hukazwa.

2. Mlio bila mzunguko. Stata inatoa sauti lakini injini haizunguki. Hapa idadi ya milio ni sehemu ya maana. Stata inatoa tik moja huelekeza kwenye stata yenyewe, swichi yake ya sumaku au muunganisho mbovu. Stata inatoa tik mfululizo kwa kawaida huelekeza kwenye betri dhaifu, ambayo ina nguvu ya kuivuta swichi ya sumaku lakini haina ya kuizungusha injini. Mfasiri asiziunganishe kauli hizi mbili kuwa stata inalia.

3. Mzunguko mzito. Kauli yake ni stata inazunguka kwa shida au stata inavuta polepole. Taa za mbele hufifia ufunguo unapozungushwa. Betri ya volti 12 iliyojaa chaji, ikiwa imepumzika, huonyesha takriban volti 12.6, ikionyesha volti 12 au pungufu, chaji imekaribia kwisha. Injini inapofanya kazi kipimo hupanda hadi takriban volti 14, kwa sababu alteneta inaichaji betri.

4. Mzunguko mzuri bila kushika. Injini inazungushwa na stata kwa kasi ya kawaida lakini haianzi kujiendesha. Kitenzi chake ni shika: stata inazunguka vizuri ila injini haishiki. Sentensi hii ina thamani kubwa, kwa kuwa inaiondoa betri na stata katika orodha ya watuhumiwa. Kinachobaki ni cheche au mafuta.

5. Kushika na kuzimika. Injini inawaka, kisha inanyamaza. Hapa wakati wa kunyamaza lazima utajwe. Injini inazimika baada ya dakika kumi ni habari moja. Injini inazimika ufunguo unapoachiwa ni nyingine kabisa. Baadhi ya magari ya zamani ya petroli yana kipande kinachopunguza umeme unaokwenda kwenye koili. Wakati wa kupiga stata umeme hukipita kando, na ufunguo ukiachiwa hulazimika kupita ndani yake. Kipande hicho kikikatika, injini huwaka wakati stata inazunguka na kufa mara ufunguo unaporudi. Swichi ya ufunguo iliyochakaa inaweza kuleta dalili ileile. Dereva aliyesema tu linawaka na kuzimika ameacha nje maneno ambayo fundi aliyahitaji zaidi.

Cheche na mafuta: mpangilio wa uchunguzi

Kwa hali ya nne, maelekezo yoyote ya Kiswahili hayana budi kutenganisha cheche na mafuta mapema, kisha yafuate njia moja hadi mwisho.

Cheche huchunguzwa kwa kufungua plagi moja, kuirudisha kwenye waya wake, kuegemeza chuma chake kwenye chuma cha injini, kisha mtu mwingine apige stata. Cheche yenye nguvu huonekana ya buluu na kusikika. Iliyo dhaifu huwa na rangi ya njano au haionekani. Tahadhari itangulie maelekezo: koili hupandisha umeme wa volti 12 hadi maelfu mengi ya volti, kwa hiyo plagi ishikwe kwa koleo lenye mpini wa mpira, na pasiwepo petroli iliyomwagika wala mvuke wake karibu. Tahadhari iliyowekwa baada ya hatua humfikia msomaji akiwa ameshaumia.

Cheche isipoonekana, uchunguzi hurudi nyuma hatua kwa hatua: waya wa plagi, kofia ya distribyuta, rota iliyo ndani yake, waya wa koili, koili yenyewe, kisha pointi na kondensa kwa magari yanayotumia vifaa hivyo. Pointi zilizoungua husafishwa na kupimwa nafasi yake kwa kipimo cha bamba. Kofia ya distribyuta ikaguliwe kama ina ufa au unyevu.

Cheche ikionekana, uchunguzi hugeukia mafuta: tangi, chujio, pampu, kabureta. Plagi kavu baada ya kupiga stata mara nyingi humaanisha mafuta hayafiki. Plagi iliyolowa petroli humaanisha yanafika kupita kiasi au hayaunguzwi. Hapo husemwa plagi zimelowa mafuta, na injini huachwa ipumzike kabla ya kujaribu tena.

Maji ya bonde

Bonde la Kilombero ni eneo oevu lililoorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Wakati wa masika mito hufurika na barabara za udongo hugeuka vijito. Kiswahili kina kauli mbili zinazokaribiana hapa, na kuzichanganya ni hatari.

Distribyuta imeingia maji ni hitilafu ndogo. Unyevu ndani ya kofia hupoteza cheche. Kofia hufunguliwa, hufutwa kwa kitambaa kikavu, na gari huweza kuendelea na safari.

Injini imemeza maji ni jambo jingine: maji yamepitia njia ya hewa hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Stata ikipigwa katika hali hiyo, mikono ya pistoni inaweza kupinda na injini ikaharibika kabisa. Agizo sahihi ni usipige stata. Kwa injini ya petroli plagi zote hufunguliwa kwanza ili maji yapate pa kutokea. Mwalimu anayefundisha maelekezo haya asiridhike na gari limeingia maji, kwani kauli hiyo inaweza kumaanisha lolote kati ya haya, au hata maji yaliyolowesha viti tu.

Kushtua, kubusti, kusukuma

Kushtua gari ni kuliwasha kwa njia isiyo ya kawaida wakati stata au betri imeshindwa. Katika mazungumzo kitenzi hiki hufunika njia mbili, ambazo maandishi rasmi huzitenganisha.

Kuwasha kwa kusukuma: gari husukumwa au huachwa liserereke kwenye mteremko, likiwa gia ya pili na klachi imekanyagwa, likipata mwendo klachi huachiwa. Njia hii hufaa gari lenye gia za mkono pekee. Kwenye vilima vya Mahenge mteremko haukosekani. Ifakara, kwenye tambarare, hutafutwa watu wa kusukuma. Gari la petroli lililokosa umeme kabisa haliwaki kwa kusukumwa, kwa sababu koili nayo huhitaji umeme ili kutoa cheche.

Kubusti: kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa nyaya mbili nene. Ni neno la mitaani lenye asili ya Kiingereza. Maandishi rasmi huweza kusema kuwasha kwa betri ya gari jingine. Chanya huunganishwa na chanya kwanza. Kisha waya wa pili hufungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi inayoweza kulipuliwa na cheche.

Maneno yanayopotosha

Koili. Katika gari la petroli ni kifaa kinachozalisha umeme mkali wa plagi. Katika gari la dizeli dereva akisema taa ya koili haijazimika, anazungumzia plagi za joto zinazopasha silinda kabla ya kupiga stata. Koili pia ni springi ya mzunguko chini ya gari. Pasipo maelezo ya ziada, neno hili halitoshi kuagizia kipuri.

Plagi. Ni kipande cha injini, na pia ni kichwa cha waya kinachochomekwa ukutani. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, wala distribyuta: mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Maelekezo ya kuchunguza cheche hayaihusu, hata kama dalili ni ileile ya stata kuzunguka bila injini kushika. Swali la kwanza kwa dereva au kwa matini ya kufasiriwa ni kama gari ni la petroli au la dizeli.

Betri haichaji. Huweza kumaanisha betri haipokei chaji, betri haitunzi chaji, au alteneta haitoi umeme wa kuichaji. Maana ya kwanza na ya pili humpeleka mtu kununua betri. Ya tatu humpeleka kutengeneza alteneta. Mwandishi achague moja na kuiandika kamili.

Kufa. Betri imekufa hutumika kwa betri isiyofaa tena. Kwa betri inayoweza kufufuka ikichajiwa, husemwa betri imekwisha chaji.

Zima na zimika. Zima huhitaji mtendaji: dereva amezima injini. Injini iliyonyamaza yenyewe imezimika. Katika mazungumzo ya Tanzania gari limezima njiani husikika sana kwa maana hiyo ya pili, na hueleweka. Maandishi rasmi yashikilie limezimika. Zimia ni kupoteza fahamu na hufaa binadamu.

Ignisheni. Neno hili la kukopa hutumika kwa swichi ya ufunguo, kwa mfumo mzima wa cheche, na kwa tendo la mafuta kushika moto. Katika tafsiri ni bora kutaja kinachokusudiwa: swichi ya ufunguo, mfumo wa cheche, au kuwaka kwa mafuta.

Msasa. Neno la asili, lililotokana na mti wenye majani makavu ya kukwaruza yaliyotumika kulainishia mbao. Leo ni karatasi ya kusugulia, na ndiyo husafisha vichwa vya betri. Ni mfano mzuri wa neno la zamani lililoingia gereji bila kubadilika.

Upatanisho

Gari, neno lenye asili ya Kihindi, hupatanishwa rasmi katika ngeli ya LI-YA: gari limewaka, magari yamewaka. Katika mazungumzo hupatanishwa sana kama nomino ya ngeli ya I-ZI: gari imewaka, gari zimewaka. Injini, betri, stata, plagi, koili, fyuzi na cheche ni za I-ZI: stata inazunguka, plagi zimelowa, cheche zinaruka. Waya husikika kwa umoja waya umekatika na waya imekatika. Wingi wake ni nyaya zimekatika au waya zimekatika. Matini moja ishikilie upatanisho mmoja.

Katika kunukuu mazungumzo, upatanisho wa msemaji usisahihishwe, kwani ndio unaoonyesha mazingira yake. Mfano ufuatao ni wa kubuni:

— Shikamoo fundi. Gari imekataa kuwaka huku Malinyi.
— Marahaba, mwanangu. Ya petroli au dizeli?
— Petroli.
— Stata inazunguka?
— Inazunguka vizuri tu, mzee, ila haishiki. Jana tulipita kwenye maji.
— Maji yalifika wapi?
— Kwenye magurudumu tu, hayakuvuka bampa. Ila yaliruka mpaka kwenye boneti.
— Basi betri iache. Fungua kofia ya distribyuta uifute, halafu unipigie.

Maswali matatu ya fundi yameondoa dizeli, betri, stata na injini iliyomeza maji, na hakuna kipuri kilichopandishwa basi. Dereva naye amejibu kwa vitenzi vinavyotofautisha: inazunguka, haishiki.

Muhtasari kwa mfasiri na mwalimu

Maelezo ya gari lililokataa kuwaka yatosheleze mambo manne: aina ya mafuta, sauti au ukimya wa stata, kama injini inashika, na ikishika inazimika lini, na kilichotangulia, kama vile kupita kwenye maji, kulala muda mrefu au kutengenezwa karibuni. Matini ya kigeni ikitumia kauli moja ya jumla, mfasiri asome aya nzima kabla ya kuchagua kati ya halina umeme, stata haizunguki, injini haishiki na injini inazimika. Haliwaki ibaki kuwa neno la kichwa cha habari na la mshangao wa kwanza. Chini yake yafuate maneno ambayo fundi aliye mbali anaweza kuyafanyia kazi.